Daftari la Madeni Lijihesabie Lenyewe

Katika miji ya machimbo, kuanzia Katoro na Nyarugusu mkoani Geita hadi Kakola na Mwakitolyo upande wa Shinyanga, kufunga duka si mwisho wa kazi. Mlango unafungwa saa nne usiku, kisha mwenye duka anafungua daftari lake la kaunta na kuanza kusaka nani anadaiwa nini. Ukurasa mmoja una mistari kama hii: "Masanja duara la 3, mchele kilo 5 na betri." Chini yake: "Masanja mfupi, buti, bado 7,000." Mistari miwili mbele: "yule wa karasha, amepunguza 10,000." Amepunguza kwenye deni lipi? Anayejua ni aliyeandika, naye kesho kutwa atakuwa amesahau.

Saa hizo za usiku ndizo ninazotaka uzirudishe nyumbani. Vyombo vya kuzirudisha vingi unavyo tayari, ndani ya simu uliyoinunua kwa ajili ya WhatsApp na picha. Ila watu wengi wakisikia habari ya biashara kujiendesha, wanakimbilia matangazo. Wanatengeneza nembo, wanafungua kurasa za mitandao na kulipia watu wa kuwapamba. Kwa duka la machimboni nasema anza na deni. Hapo ndipo muda wako unapopotelea, na hapo ndipo mtaji wako ulipolala.

Kabla ya kugusa programu yoyote, chukua karatasi na wiki moja nzima andika kila kazi inayojirudia na muda inaokula. Usikadirie kichwani. Mama lishe atagundua kwamba anapokea simu nyingi kila asubuhi kuulizwa leo kuna nini. Mwenye duka la vifaa ataona jinsi anavyorudia bei ya viroba, kamba, sururu na tochi za kichwani mpaka sauti inakauka. Wakala wa pesa ataona safari anazofanya kutafuta floti, yaani salio la simu la kuwahudumia wateja. Na karibu kila mmoja atakuta kwamba hesabu ya mali kauli, yaani bidhaa zilizotoka kwa mkopo, imekula saa nyingi kuliko zote. Kazi iliyotokea juu kabisa kwenye karatasi yako ndiyo ya kuanza nayo. Nyingine zisubiri.

Tuichukue hiyo ya mali kauli, kwa sababu ina mambo mengi.

Fungua jedwali jipya kwenye Google Sheets, programu ya bure inayofanya kazi kwenye simu nyingi za Android. Mstari wa kwanza weka vichwa hivi, kila kimoja kwenye safu yake kuanzia A: Tarehe, Jina, Simu, Duara (yaani shimo ambalo mteja anachimba), Bidhaa, Kiasi, Kilicholipwa, Baki, Siku. Kwenye safu ya Baki, yaani H2, andika =F2-G2. Kwenye safu ya Siku, yaani I2, andika =IF(H2>0,TODAY()-A2,""). Nakili fomula hizo mbili kushuka chini mistari mia kadhaa. Tangu hapo kazi yako ni kuandika tarehe, mtu, bidhaa na kiasi tu. Baki na umri wa deni vitajihesabu vyenyewe kila ukifungua jedwali. Hata usipoligusa siku tano, siku zitakuwa zimesogea.

Mteja akipunguza deni, usifute namba iliyokuwepo kwenye safu ya Kilicholipwa. Andika =5000, na akirudi na elfu tatu, iongeze mbele iwe =5000+3000. Jedwali litaonyesha 8,000, lakini ukigusa kisanduku hicho utaona kila alichotoa. Siku mkibishana, historia yote ipo.

Majina yanasumbua. Usukumani akina Masanja, Shija na Maduhu wako wengi, na machimboni watu wanajulikana kwa majina ya utani yanayobadilika kila wakihama eneo. Kwa hiyo kitambulisho cha deni kiwe namba ya simu. Ifanye sharti: asiyetaja namba hakopeshwi, na unaibipu hapo hapo mbele yake ili uhakikishe ni ya kwake. Inachukua sekunde chache na inakuepusha na kumwandama Masanja asiye na deni.

Safu ya Duara ndiyo inayolitofautisha jedwali hili na yale ya kwenye vitabu vya biashara. Vitabu vinadhani mteja analipwa tarehe 30. Mchimbaji mdogo halipwi kwa kalenda. Analipwa mzigo ukitoka. Mawe yanapanda juu kwenye viroba, yanagawanywa kati ya mwenye leseni, mwenye duara na wanaochimba, yanapelekwa karasha kusagwa, yanaoshwa kwenye mwalo, ndipo dhahabu inakwenda kuuzwa. Soko la dhahabu la Geita lilifunguliwa Machi 2019, na mengine yakafuata katika ukanda huu, Kahama ikiwemo. Anayeuza kihalali anapita huko, na pesa ya kukulipa wewe inatoka huko. Duara likiwa bado linashushwa, hata ukimpigia mtu kila siku, hana cha kukupa. Ukimkumbusha siku tatu baada ya kuuza, pesa imeshakwenda kwa aliyemwahi.

Kwa hiyo mkumbushe kwa kufuata duara. Kwenye ukurasa wa pili wa jedwali orodhesha maduara unayoyahudumia, na mbele ya kila moja weka fomula kama hii: =SUMIF(Sheet1!D:D,"Duara la 3",Sheet1!H:H), ambapo Sheet1 ni jina la ukurasa wenye madeni. Utaona mara moja kwamba Duara la 3 linadaiwa 412,000 na lile la bondeni 95,000. Ukisikia mzigo wa la tatu umepelekwa kusagwa, na habari hizo zinakufikia dukani bila kuuliza, unachuja jedwali libaki na watu wa duara hilo peke yao. Hao ndio wa kukumbushwa leo. Jumla hizo zina faida nyingine pia: duara likishindwa, kwa maana ya kuchimbwa hadi wakakuta mwamba usio na kitu, watu wake wote wanashindwa kulipa kwa wakati mmoja. Wekea kila duara kikomo cha deni la pamoja, na jumla ikikifikia, usiendelee kukopesha hata kama kila mmoja wao ni mtu mwaminifu.

Wateja wakulima wana majira yao. Kishapu na Maswa, pamba huanza kununuliwa kuanzia Mei. Mpunga wa Kahama nao unavunwa baada ya mvua. Mkulima mwekee kwenye safu hiyo hiyo ya Duara neno "pamba" au "mpunga", na umkumbushe msimu ukifika.

Sasa kukumbusha kwenyewe. Programu ya meseji ya Google iliyomo kwenye simu nyingi za Android inakuruhusu kuandika ujumbe leo uondoke kesho: ukishaandika, bonyeza kitufe cha kutuma bila kuachia, chagua siku na saa, basi. Jumapili mchana, ukiwa umetulia, unapanga meseji za wiki nzima. Simu tu iwe imewashwa na iwe na mtandao saa hiyo ikifika, kwa hiyo kama kijijini kwako mtandao unashika asubuhi na kukatika mchana, panga ziondoke asubuhi.

Maneno ya hizo meseji yana uzito kuliko programu. Meseji inayoanza na "Unakumbushwa kulipa deni lako" inasomeka kama ya kampuni ya mikopo, na mtu atainyamazia kama anavyozinyamazia zile. Iandike kwa sauti yako: "Habari za asubuhi kaka. Ni mimi dada yako wa duka la karibu na karasha. Nimesikia mzigo wenu umekwenda kusagwa, Mungu awasaidie utoe vizuri. Kwenye daftari nina 18,500 yako ya tarehe 4. Ukijaliwa, lipia kwa namba ile ile iliyobandikwa dukani." Ihifadhi kama kielelezo, ubadilishe kiasi na tarehe tu. Na angalia sikuiweka namba ya malipo ndani ya ujumbe. Nchi nzima imeshaumizwa na meseji za "ile pesa tuma kwenye namba hii". Wateja wako wakizoea kwamba namba haipatikani popote isipokuwa ukutani kwako, tapeli atakayejifanya wewe hatawapata. Na meseji ya kitapeli ikikufikia, itume kwa mamlaka ya mawasiliano, TCRA, kwa namba 15040.

Wazee usiwapangie meseji. Mzee aliyekopa mfuko wa saruji anafuatwa nyumbani, anaamkiwa, anaulizwa habari za mifugo na wajukuu, ndipo deni linatajwa, tena kwa upole. Weka kikumbusho kwenye kalenda ya simu kitakachokuambia siku ya kwenda, lakini uende wewe mwenyewe. Ukimtumia mzee meseji ya deni utalipwa, sina shaka, na hatakanyaga tena dukani kwako, wala wanawe.

Baada ya madeni, shika malipo. Kama bado unapokea pesa kwenye laini yako binafsi, ile unayoongea nayo na ndugu, tenganisha wiki hii hii. Chukua Lipa Namba ya biashara kutoka kwenye mtandao unaotumiwa zaidi na wateja wako. Kuna M-Pesa, Airtel Money, HaloPesa, na Mixx by Yas iliyokuwa ikiitwa Tigo Pesa hadi mwaka 2024, na siku hizi mteja wa mtandao mmoja anaweza kulipa namba ya mtandao mwingine. Uliza makato kabla ya kusaini, na waulize wenzako wa mtaani wanakatwa ngapi wanapohamisha pesa kwenda benki. Faida ya kutenganisha ni kwamba taarifa ya mauzo inajiandika yenyewe: kila aliyelipa, saa ngapi, kiasi gani. Jioni unasoma jumla moja badala ya kuchambua meseji za pesa zilizochanganyika na mchango wa harusi ya binamu.

Sharti ni kwamba kijana wako wa dukani asitoe mzigo kwa kuonyeshwa meseji kwenye simu ya mteja. Meseji ya uongo inatengenezwa kwa dakika moja. Muamala unahakikishwa kwenye simu ya biashara, na salio likiwa halijapanda, mzigo unabaki kaunta hata foleni ikiwa ndefu kiasi gani.

Mawakala wa pesa, ninyi jedwali lenu ni dogo. Kila siku ya kazi andikeni mambo mawili: jumla ya walioweka na jumla ya waliotoa. Baada ya wiki chache mtaona mpangilio wake. Siku ya mnada pesa taslimu inaisha mapema. Siku maduara yanapouza, floti ndiyo inakauka kwa sababu kila mtu anaweka na kutuma nyumbani. Kisha wekeni kikumbusho cha kujirudia kwenye kalenda, jioni ya kuamkia siku hizo, cha kwenda benki au kwa wakala mkuu. Kamisheni mnayokosa kwa kuwaambia watu "sina floti" haionekani kwenye hesabu, lakini inamwendea jirani yenu.

Maswali ya bei yaachie WhatsApp Business. Ni programu tofauti na WhatsApp ya kawaida, ya bure pia, na ilianza mwaka 2018. Ina vitu vitatu vya kuanza navyo: orodha ya bidhaa yenye picha na bei, salamu inayojibu yenyewe mtu akikuandikia mara ya kwanza, na majibu ya haraka. Hayo majibu ya haraka unayaandika mara moja na kuyapa jina fupi. Mteja akiuliza, unaandika alama ya mkwaju / na jina hilo, jibu zima linatokea. Weka la bei ya viroba, la saa za kufungua, la jinsi ya kufika. Bei zikibadilika, badilisha hapo usiku huo huo, maana jibu la haraka lenye bei ya mwezi uliopita litakugombanisha na mteja aliyefunga safari kutoka machimbo ya Mgusu. Ujumbe wa kwenda kwa wateja wengi kwa pamoja unawafikia waliohifadhi namba yako tu, hadi watu 256 kwa orodha moja. Kwa hiyo kila anayenunua mwombe aihifadhi.

Stoo nayo ipate ukurasa wake kwenye jedwali lile lile. Kwa kila bidhaa unataka kujua idadi ambayo ukiifikia ni lazima uagize. Chukua unazouza kwa siku, zidisha kwa siku ambazo mzigo unatumia kufika, ongeza akiba. Ukiuza viroba 40 kwa siku, mzigo kutoka Mwanza ukafika baada ya siku tatu, na ukataka akiba ya siku mbili, kiwango chako ni 200. Safu ya D iwe kilichopo, E iwe kiwango, na F uandike =IF(D2<=E2,"AGIZA",""). Asubuhi unatazama safu ya F tu. Kati ya Novemba na Aprili, barabara za kuingia machimboni zikijaa tope, ongeza siku za safari; gari linalofika siku tatu wakati wa kiangazi linaweza kukwama wiki nzima. Na rashi, yaani mbio za dhahabu mpya, ikilipuka mahali, watu wakahamia huko kwa usiku mmoja, hesabu zote za stoo zimepitwa na wakati. Hapo tumia macho na masikio yako mpaka mambo yatulie.

Kumbukumbu hizi zina thamani hata mbele ya TRA. Kwa viwango vya kodi ya makadirio vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2019, mfanyabiashara mwenye mauzo kati ya 4,000,000 na 7,000,000 kwa mwaka asiye na kumbukumbu kamili alitozwa 100,000. Mwenye kumbukumbu alitozwa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni nne. Aliyeuza 6,000,000 kwa hiyo alilipa 60,000, na shilingi 40,000 zikabaki mfukoni kwa sababu tu alikuwa ameandika. Pita ofisi ya TRA ya wilaya yako uulize viwango vya mwaka huu na kama mauzo yako yameshafikia kiwango cha kuhitaji mashine ya risiti. Nenda na jedwali lako.

Kuna mifumo inayojiendesha ambayo haikufanyii kazi wewe. Mikopo mingi ya simu imewekwa ijikate yenyewe pesa ikiingia kwenye laini. Ukikopa kwenye laini unayopokelea mauzo, malipo ya mteja yatakatwa kabla hujayaona, na mtaji wa kesho umeondoka. Kama ni lazima kukopa, laini ya biashara isihusike. Zima pia malipo ya kujirudia ya programu na bando usizotumia.

Madeni ya watu ni siri yao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na majina na namba ulizokusanya dukani zinaingia humo. Kubandika orodha ya wadaiwa ukutani au kuitupia kwenye kundi la WhatsApp la mtaa ni kuvunja heshima ya mtu na kujitafutia kesi. Simu yenye jedwali iwe na neno la siri. Jedwali la Google lenyewe linahifadhiwa kwenye akaunti yako, kwa hiyo simu ikiibiwa au ikitumbukia shimoni unaingia kwa simu nyingine na kulikuta, mradi unakumbuka nywila. Kwa maeneo yasiyo na mtandao wa uhakika, liruhusu lifanye kazi bila intaneti. Utaandika kama kawaida na mabadiliko yatapanda mtandao ukirudi.

Daftari la karatasi usilitupe bado. Mwezi wa kwanza andika kote kuwili, na kila Jumamosi linganisha jumla. Zikitofautiana, tafuta kosa kabla ya kulala, maana mara nyingi ni jina lililoandikwa kwa namna mbili au tarehe iliyogeuzwa mwezi na siku. Jumla zikishakuwa sawa wiki nne mfululizo, daftari linaweza kwenda kabatini, na kijana wako wa dukani apewe ruhusa ya kuandika kwenye jedwali kwa akaunti yake mwenyewe, ili kila alichoandika kionekane ni chake. Nani akopeshwe na nani asikopeshwe, hilo usimwachie, wala usiiachie fomula. Mtu akija na mgonjwa nyumbani, safu yake ikiwa imeshafika siku sitini, wewe ndiye unayemfahamu.